Ukipata kesi mtandaoni, isome mpaka mwisho

Mwaka wangu wa kwanza wa uwakili nilisimama mbele ya Jaji na aya moja ya Mahakama ya Rufani niliyoinakili TanzLII, tovuti ya hukumu na sheria za Tanzania, usiku wa kuamkia shauri. Tulikuwa tunaomba kuongezewa muda wa kukata rufaa, na aya ile ilisema yote niliyoyataka. Wakili wa upande wa pili, mzee mtulivu, akainuka akamwomba Mheshimiwa ageuze kurasa tatu mbele. Kumbe yale hayakuwa maneno ya mahakama. Yalikuwa maelezo ya wakili wa mleta maombi, yaliyorudiwa kabla ya kukataliwa. Mteja wangu alikuwa benchi la nyuma, anasikia.

Sikuuacha mtandao, na sikushauri uuache. TanzLII ni bure. Wakili wa Songea anaisoma hukumu ileile anayoisoma wa Dar es Salaam, wakati zamani hukumu ambayo haijachapwa ilitaka ufahamiane na karani wa masjala. Ila siku hizi naanza na kitabu. Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, ya mwaka 1966, imefuata sana ile ya India ya 1908, ndiyo maana Mulla, kitabu cha ufafanuzi wa sheria hiyo ya India, hakosekani kwenye chemba za mawakili wa madai. Ukimfungua kwenye Amri unayoitafuta (ndivyo kanuni za sheria hiyo zilivyogawanywa), utakuta na hoja mbili tatu za jirani ambazo usingejua kuziuliza. Kisanduku cha kutafutia hukupa neno uliloliandika tu. Nikishajua swali langu hasa ni lipi, ndipo naingia TanzLII kuona Mahakama ya Rufani imesema nini karibuni, na hukumu naisoma yote, hasa pale inapoanza "tumezipima hoja za pande zote".

Kwa vifungu vya sheria, usiamini kitabu wala hukumu. Toleo la Urekebu la 2023, yaani sheria za nchi zilizopangwa upya pamoja na marekebisho yake, lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na vifungu vingi vimebadilika namba. Kitabu cha rafuni kina namba za zamani, lakini hata hukumu ya 2019 uliyoipakua leo asubuhi inazo hizohizo. Chukua kifungu, kipeleke kwenye toleo jipya, usome maneno yake, kisha ndipo uandike namba kwenye hoja zako.

Kuna juzuu moja ya Tanzania Law Reports, mkusanyo wa hukumu zilizochapwa, ofisini tulipoanzia kazi. Pembeni ya kesi niliyoipenda, wakili mwandamizi wetu alikuwa ameandika kwa penseli: "Imeachwa. Usiitumie." Hakuna mashine iliyonitahadharisha hivyo. Nawe ukikuta kesi imetenguliwa, chukua penseli, andika pembeni, weka na tarehe. Atakayekifungua kitabu hicho baada yako huenda ana shauri saa tatu asubuhi.