Bobini ikae na uzi wake

Fundi anayeshonea barazani pale Majengo au Sabasaba huacha uzi wake mezani kutwa nzima, na kiangazi cha Dodoma upepo haulali. Vumbi linaganda kwenye rola ya uzi, linasafiri na uzi hadi kwenye visahani vya mkazo vinavyoubana uzi wa juu, kisha lawama zinaiangukia cherehani: mara stichi zimelegea, mara uzi unakatika kila hatua mbili. Mara nyingi cherehani haina kosa. Pitisha kidole juu ya rola iliyokaa nje wiki nzima, halafu kitazame kidole.

Kabla ya kununua kabati au kupigilia misumari ukutani, tenganisha nyuzi kwa unene kwanza. Rangi ije baadaye. Wengi wanaanza na rangi kwa sababu inapendeza machoni, matokeo yake uzi mweusi mnene wa jinzi na mabegi unakaa ubavuni mwa mweusi mwembamba wa sare, na bobini (kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini) ya ule mnene inaingia kazini na uzi mwembamba juu. Tazama karatasi iliyobandikwa ndani ya koni, ile rola kubwa yenye umbo la pia. Uzi wa polista wa kazi za kawaida huandikwa 40/2; ulioandikwa 20/2 au 20/3 ni mnene zaidi, maana namba ya kwanza ikishuka uzi unanenepa. Ukiweka bobini ya 20/2 chini na 40/2 juu, springi ya kikasha cha bobini inaubana ule mnene kuliko kawaida. Uzi wa chini unalala umenyooka tu chini ya kitambaa, ukiuvuta unachomoka, na mteja wa gauni la kitenge atakurudia mshono ukiwa wazi kwapani.

Karatasi ikiwa imeng'oka, choma ncha ya uzi kwa kiberiti. Polista inayeyuka na kuacha kipunje kigumu cheusi. Pamba inawaka, inanuka karatasi na kuacha jivu jepesi. Usizichanganye hizi mbili kwenye boksi moja hata kama rangi zinafanana.

Sasa bobini, ambako ndiko kazi ilipo. Ukiwa na cherehani ya miguu ya Butterfly au Singer ya aina hiyo, pamoja na ya umeme ya kiwandani, una bobini za aina mbili hata kama kwa macho zinaonekana pacha. Ya cherehani ya miguu ina upana wa kama milimita 20 na kimo kinachokaribia milimita 12. Ya kiwandani ni pana kidogo, kama milimita 21, lakini ni fupi, takriban milimita 9. Zisimamishe mezani bega kwa bega, utaona tofauti papo hapo. Ile fupi ikiingizwa kwenye kikasha kirefu inacheza na kugonga, na uzi unatoka kwa kurukaruka. Paka tone la rangi ya kucha kwenye ukingo wa zote za aina moja, ubishi unaisha.

Kwa fundi mmoja bobini 20 hadi 25 zinatosha, alimradi kila moja ina rangi moja. Kujaza rangi mpya juu ya mabaki ya ya zamani ni tabia mbaya kuliko zote kwenye ufundi huu. Uzi wa zamani haukai sawasawa, ule mpya unazama ndani yake, na ukifika katikati ya zipu unakwama. Mabaki ya mita mbili tatu yatoe, yapigie bandi.

Unapojaza, legeza kifungo cha katikati ya gurudumu ili sindano isipande na kushuka bure. Pitisha uzi kwenye kisahani kidogo cha kujazia, toa ncha kwenye tundu la bobini kutoka ndani kwenda nje, ishike kwa mizunguko ya mwanzo, kisha ikate karibu kabisa na ukingo. Ncha ikibaki inajikunja ndani ya kikasha. Kanyaga kwa mwendo wa wastani, tena ule ule. Polista ikijazwa kwa kasi kubwa inavutika, na ikishaingia kwenye nguo inarudi urefu wake; ndiyo maana mshono ulionyooka juzi unakunjamana baada ya kufuliwa. Acha kujaza ikibaki kama milimita moja kufika ukingoni. Ikijaa upande mmoja tu, kisahani cha kujazia hakiko usawa na bobini: kipandishe au kishushe.

Bobini iliyojaa iwekwe pamoja na rola iliyoizaa. Kwa rola ndogo, chukua ubao, pigilia misumari ya inchi 3 yenye vichwa vidogo vinavyopita kwenye tundu la bobini, ikiwa imeinama kidogo kuelekea juu, ukiachanisha sentimita 6. Rola inaingia kwanza, bobini yake inafuata kwenye msumari huo huo. Ubao huo ukae ndani, mbali na dirisha, na jioni ufunikwe kwa kipande cha kanga. Asiye na ukuta wake atumie trei ya mayai ya plastiki yenye nafasi 30: rola ndogo inakaa kwenye shimo, bobini juu yake, na trei nzima inaingia kwenye beseni lenye mfuniko. Trei za karatasi hapana, zinatoa unyoya.

Ili ncha ya bobini isifumuke, nunua nusu mita ya mpira wa maji unaopenyeza mwanga, wenye kipenyo cha ndani cha robo tatu ya inchi. Katakata vipande vya sentimita moja, kila kipande kipasue upande mmoja, kisha uivishe bobini. Rangi inaonekana, uzi hautoki. Rababendi zinazofungia noti usizitumie. Kwa joto la huku zinayeyuka na kunata, na doa lake kwenye uzi mweupe halitoki. Bobini za chuma zikagulie kutu wakati wa mvua kwa sababu hiyo hiyo ya doa.

Koni kubwa zina sharti lake. Uzi wake unatoka kwa juu, kwa hiyo koni isimame wima, na kitundu cha kupitishia uzi kiwe juu yake katikati, kwa kimo kisichopungua mara mbili ya koni yenyewe. Ukiilaza sakafuni uzi hautoki sawasawa. Koni zisizo kazini ziweke kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 iliyosafishwa na kukauka kabisa, ukifunga mfuniko: panya hupenda kutandika uzi.

Kwa rangi, andika jina unalolitumia kila siku, damu ya mzee, ugoro, kaki, bluu iliyokolea, na namba ya rangi iliyo kwenye koni chini yake. Bluu mbili za sare zinaweza kufanana chini ya taa na kuachana juani, kwa hiyo toka nje na kipande cha kitambaa. Kazi ya sare za Januari inunuliwe koni zake zote kwa mara moja. Ukirudi dukani baada ya mwezi unaweza kupewa iliyotiwa rangi siku nyingine.

Uzi wa zamani ujaribu kabla ya kuupa nafasi. Shika kipande cha sentimita 30, kivute kwa mikono miwili kwa ghafla, ufanye hivyo pia kwa uzi mpya wa aina ile ile. Pamba iliyopigwa jua inakatika bila kelele. Jaribu pia tabaka za ndani, kwani mara nyingine jua limeharibu juu tu: toa mizunguko ya juu, vuta tena, na ukikuta mgumu, rola hiyo bado ina kazi.