Maswali ya Wasomaji: Ramani ya Mazalia ya Samaki ni Mali ya Nani?

SWALI: Mhariri, mimi ni katibu wa BMU moja (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) katika Kaunti ya Kwale. Watafiti walifika ufuoni kwetu, wakawaomba manahodha wazee wawaonyeshe miamba ambako tewa hukusanyika kutaga mayai, kisha wakaipima yote kwa GPS. Ripoti hatukupewa, lakini baadaye tulisikia kwamba ramani hiyo imeonyeshwa katika mkutano ambao hatukualikwa. Naambiwa watu wa asili wa Kanada wana kanuni za kudhibiti mambo kama haya. Je, zinaweza kutufaa?

JIBU: Ndugu Katibu, kanuni ulizozisikia ziliwekwa na Mataifa ya Kwanza, yaani jamii za asili za Kanada, mwaka 1998, nazo hujulikana kwa kifupi kama OCAP. Zinasema kwamba jamii ndiyo yenye takwimu zinazoihusu, ndiyo inayoamua zikusanywe na kutumiwa vipi, ina haki ya kuzifikia popote ziliko na, inapowezekana, huzihifadhi yenyewe. Chimbuko lake ni tafiti za afya, lakini leo hutajwa pia katika tafiti za misitu na za bahari. Ni vyema kufahamu kwamba OCAP si sheria ya Bunge la Kanada. Nguvu yake hutokana na mikataba ambayo jamii huwataka watafiti waitie saini kabla ya kuanza kazi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, jambo kubwa zaidi la kujifunza huko si kanuni zenyewe, bali ni juhudi za jamii za pwani ya Pasifiki kuhesabu samaki wao wenyewe. Wavuvi wa Heiltsuk, Kitasoo/Xai'xais, Nuxalk na Wuikinuxv walipolalamika kwamba kaa wanapungua, mataifa hayo manne yalifunga baadhi ya maeneo kwa sheria zao za jadi, na watafiti wanaoyafanyia kazi wakalinganisha maeneo hayo na yale yaliyoachwa wazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba katika maeneo yaliyofungwa kaa waliongezeka ukubwa na idadi ya walionaswa, hali kwingineko walipungua. Malalamiko yakawa ushahidi, na ushahidi huo ulikuwa mikononi mwa wenyewe.

Kwa samaki aina ya heringi mvutano ulikuwa mkali zaidi. Machi 2015 Mahakama ya Shirikisho ilizuia uvuvi wa kibiashara wa heringi huko Haida Gwaii, visiwa vya pwani hiyohiyo, kwa ombi la Wahaida, wenyeji wake, na mwezi huohuo Waheiltsuk waliingia katika ofisi ya idara ya uvuvi karibu na Bella Bella wakakataa kutoka, wakidai kwamba makadirio ya serikali hayalingani na hali waliyoiona majini. Mwaka uliofuata walifikia mpango wa pamoja na serikali wa kusimamia samaki hao.

Nikirudi Kwale, Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 haitakusaidia sana, kwa kuwa inamlinda mtu binafsi, wala si maarifa ya kijiji kizima. Itazame zaidi sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, ambayo inaitambua jamii kuwa mwenye maarifa na kutaka idhini yake itafutwe mapema. Msiichukue, lakini, kama kisingizio cha kuficha kila kitu: kumbukumbu za samaki wanaovuliwa ni wajibu wa BMU, na bila hizo hata ninyi hamtajua bahari yenu inaelekea wapi. Kinachohitaji ulinzi mkali ni mahali na majira ya kutaga, kwa sababu tewa waliokusanyika mwambani wanaweza kumalizwa na mashua chache zikijua pa kwenda.

Kwa hiyo andikeni barua kwa watafiti hao, mkiomba nakala ya takwimu zote na mkitaka ramani yoyote itakayochapishwa ionyeshe eneo pana badala ya mwamba wenyewe. Kwa wageni wajao, mkataba utangulie chombo kutiwa majini, ukieleza nani atahifadhi takwimu, nani ataruhusu zitumiwe tena, na matokeo yatasomwa lini ufuoni, kwa Kiswahili. Idhini hiyo itolewe na mkutano wa wanachama wote, wakiwemo akina mama wanaouza samaki, si na mwenyekiti peke yake.