Jibu: Tuta la mbao lililopinda kwenye kona

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini tuta la mbao chini ya reli yako ya mfano, ile ya treni ndogo, limepinda kwenye kona tangu mvua zilipoanza hapa Lubumbashi. Nadhani ulikata kona nzima kutoka ubao mmoja mpana, nao ubao ukinyonya unyevu hutanuka kwa upana zaidi sana kuliko kwa urefu.

Mimi huchana fito za milimita 3 za mninga uliokauka vizuri, ambao hauchezi sana, nikazisimamisha kwa ubavu na kuzikunja polepole kati ya misumari niliyoipigilia pande zote mbili za mstari wa penseli, huku nikizigandisha kwa gundi ya mbao na kuvipishanisha viungo kama matofali ya ukuta. Siku ya pili napiga randa juu, kisha napaka vanishi kila upande, hata chini, ambako wengi husahau.

Kuhusu upana kati ya reli mbili, kumbuka kwamba reli halisi za kwetu huachana milimita 1,067. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kimepunguzwa mara 87, hiyo ni kama milimita 12, si 16.5 za reli nyingi za dukani.