Boti ndogo ya mbao uani kwako: majibu kwa wasomaji wa Kigoma na Tabora

Maswali ya safari hii yote yanahusu boti ndogo ya mbao, futi 12 hadi 16, yenye injini ya kupachika nyuma, ambayo mtu anaweza kuijenga uani kwake. Nimeyafupisha kidogo. Wengi wenu mmeanza kwa kuuliza habari za injini. Mimi nitarudi kila mara kwenye umbo na uzito wa boti, kwa sababu injini mbovu hupata spea Ujiji au Mwanza, lakini tumbo la boti lililokosewa halina spea.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Nimepata injini ya farasi 15 iliyotumika. Nataka boti ya kutembea na familia, watu wanne, siku za Jumapili. Nijenge futi ngapi, na farasi 15 zitatosha?

Marahaba, mwalimu. Jenga futi 14. Upana uwe futi 5 katikati, na futi 4 na nusu pale nyuma injini inapokaa.

Walinzi wa Pwani wa Marekani wana hesabu mbili nyepesi ambazo nawashauri wote mziandike ukutani. Ya kwanza ni ya watu: zidisha urefu kwa upana kwa futi, kisha gawanya kwa 15. Kwako ni 14 mara 5, yaani 70, na ukigawanya unapata 4 na kitu. Watu wanne, basi, na jirani asipande. Ya pili ni ya injini: zidisha urefu kwa upana wa nyuma, upate 63. Kwa boti ya tumbo bapa inayoongozwa kwa mkono wa injini, chukua nusu ya hiyo halafu toa 15. Inabaki 16.5. Injini yako imekaa mahali pake. Mtu akikushawishi uweke ya 40, mwoneshe hesabu hiyo.

Ila usitarajie farasi 15 kamili. Ziwa letu la Tanganyika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, hewa huku ni nyepesi, na injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 7 ya nguvu. Ndiyo sababu nyingine ya kuijenga boti nyepesi.

Sasa umbo, maana hapa ndipo boti nyingi za nyumbani zinapoharibikia. Boti ya injini ya nyuma haiendi kama mtumbwi. Mtumbwi hupasua maji, na tumbo lake lililopinda mbele na nyuma linamsaidia mpiga kasia. Boti ya injini inatakiwa ipande juu ya maji na kuteleza. Kwa hiyo mbele ikate maji kwa umbo la V, V hiyo ilale taratibu kuelekea nyuma, na theluthi ya mwisho ya tumbo iwe imenyooka kabisa kwa urefu. Chukua ubao ulionyooka wa mita moja na nusu, ulaze kwenye tumbo kuanzia nyuma kwenda mbele. Ukiona mwanga katikati, umetengeneza shimo, na boti itakandamiza pua majini. Ubao ukicheza kama bembea, umetengeneza mgongo, na boti itakuwa inadunda pua juu chini hata ziwa likiwa shwari. Kagua kabla hujapiga gundi. Baada ya gundi ni kulia tu.

Jenga boti ikiwa kifudifudi, mataruma, yaani mbavu za boti, yamesimamishwa juu ya fremu imara iliyopimwa kwa pima maji. Vuta uzi wa katikati kutoka omo (mbele ya boti) hadi tezi (nyuma yake). Kila taruma likisimama, pima kutoka ncha ya omo hadi kona yake ya kulia, kisha ya kushoto. Vipimo visipolingana, boti itavuta upande mmoja maisha yake yote.

Niko Urambo, Tabora. Huku mninga tunao, na mafundi wa samani wanausifu. Kwa nini mnasema tununue plaiwudi wakati mbao nzuri iko mlangoni?

Ndugu yangu, mninga naupenda kuliko unavyodhani. Ukishakauka hauchezi sana, hauliwi ovyo na wadudu, unarandika vizuri. Mkuku (uti wa mgongo wa boti), mataruma na ubao wa omo nitakuambia utumie mninga bila kusita. Tatizo ni kuufanya mninga kuwa ngozi ya boti nzima.

Tupige hesabu. Shiti moja ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, unene wa milimita 9, ina uzito wa kilo 16 hivi. Eneo hilohilo ukilifunika kwa mbao za mninga za inchi moja, unabeba karibu kilo 47. Boti ya futi 14 inahitaji ngozi ya kama mita 10 za mraba. Kwa plaiwudi ni kilo 50 na kitu, kwa mninga ni 160. Hizo kilo mia zilizozidi ni mtu mmoja mnene aliyelala kwenye sakafu na hashuki.

Boti kubwa za Kibirizi zinazobeba abiria na mizigo kwenda vijiji vya kaskazini zimejengwa kwa mbao nene, na ni sawa: zinagonga mchanga kila siku, na uzito wenyewe unazituliza. Yako ni kazi nyingine.

Lakini si kila plaiwudi. Inayouzwa kwa ajili ya dari huachana kama kitabu kilicholowa. Mwombe muuzaji kipande cha ukubwa wa kiganja, kichemshe kwenye sufuria saa kadhaa, kikaushe, kichemshe tena. Tabaka zikiachana, mwachie plaiwudi yake. Zikishika, tazama kingo: ukiona matundu ndani ya tabaka za kati, maji yatapata nyumba humo. Plaiwudi ya boti yenyewe huwa na alama BS 1088, ingawa huku kwetu mara nyingi utaikosa, na ndipo sufuria inapokuwa mwalimu wako.

Na huo mninga ununue wenye karatasi. Mbao inayosafiri bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu kutoka TFS, wakala wa huduma za misitu, itakwama kwenye kizuizi cha barabarani, nawe utapoteza mbao na nauli. Mbao ya inchi moja iliyopasuliwa leo iache kivulini, imepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, karibu mwaka mzima. Mnaoharakisha kwa kuianika juani mnapata nyufa za bure.

Je, naweza kupaka mawese ndani ya boti badala ya rangi? Mawese tunayo tele. – Msomaji wa Simbo

Hapana. Mawese hayakauki kuwa ngozi ngumu, hata ungesubiri miezi. Yatabaki na utelezi, yatashika vumbi, na siku ukitaka kupaka rangi haitashika. Mafuta ya kitani hukauka, mawese ni ya mboga.

Fundi, boti yetu ina injini nzuri, lakini tukifungua mafuta inapiga kelele kali na boti haisogei. Tukipunguza, inashika tena. Fundi wa injini amebadilisha propela mara mbili. Tuko Ilagala.

Mnamwonea fundi wa injini bure, na mfuko wenu pia. Dalili hizo karibu kila mara zinasema propela inameza hewa, na chanzo ni kimo cha ubao wa nyuma.

Injini hizi zina miguu ya urefu tofauti. Mguu mfupi unataka ubao wa nyuma wenye kimo cha inchi 15, na mguu mrefu inchi 20. Juu kidogo ya propela kuna bamba bapa lililolala kama mkia wa samaki. Boti ikiwa imepanda juu ya maji, bamba hilo liwe usawa wa tumbo, au chini yake kwa inchi moja. Nina shaka mna injini ya mguu mfupi kwenye ubao wa inchi 20. Pandisheni boti mchangani, wekeni ubao ulionyooka chini ya tumbo utokeze nyuma, muone bamba liko wapi. Likiwa juu ya ubao huo, mmepata mchawi wenu.

Dawa ni kukata ubao wa nyuma pale katikati tu, upana wa kuiweka injini. Lakini ukikata umefungua mlango wa mawimbi. Kwa hiyo jengeni kiboksi ndani, mbele ya injini, chenye ukuta wa kimo kilekile cha zamani na matundu mawili ya kurudisha maji ziwani. Msikubali kukata bila hicho kiboksi, hasa nyie wa mdomo wa Malagarasi, ambako mto na ziwa hugombana.

Kama bamba liko sawasawa na bado inalia, tazameni mkuku. Mkuku unaofika hadi nyuma kabisa hupeleka mapovu moja kwa moja kwenye propela. Uishie kama futi moja na nusu kabla, na uchongwe ncha yake iwe nyembamba.

Nikiwa hapohapo: ubao huo uwe na unene wa sentimita 4 hadi 5, na uegemee nyuma kidogo, nyuzi 12 hivi. Ushikwe na viegemeo vinavyoshuka hadi kwenye mkuku. Injini haining'inii tu, inausukuma ubao huo kwa nguvu yake yote kila saa.

Kaka, duka moja la mjini limeniambia nifunike boti kwa fiberglasi na rezini ileile ya kutengenezea bampa za magari. Ni bei rahisi kuliko epoksi. Niko Gungu.

Mdogo wangu, rezini ya bampa, ambayo ni poliesta, haishiki mbao vizuri. Mwanzoni inang'aa, kisha maji yanapenya kwenye tundu la skrubu, mbao inavimba, ngozi inabanduka vipande vikubwa, na chini yake ubao unaoza bila wewe kuona. Heri rangi nzuri ya mafuta kwenye mbao tupu kuliko ngozi hiyo.

Kama fedha ya epoksi, ile gundi ya kuchanganya, ni ndogo, itumie kwenye maungio na kwenye kona ambapo ubavu unakutana na tumbo, kisha kingo zote za plaiwudi. Pima mchanganyiko kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, usikadirie kwa jicho. Changanya kidogo kidogo asubuhi mapema, maana joto likipanda nyuzi 10 muda wa kufanyia kazi hupungua karibu nusu. Ile gundi nyeupe ya makochi iache kwenye makochi.

Skrubu za chuma tupu zitatoa machozi ya kutu. Maji yetu hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo zilizopakwa zinki zinafaa, na za shaba ya njano zinafaa pia.

Mwanangu anajenga boti hapa nyumbani Katonga. Amemaliza shule, ni hodari, lakini mimi silali. Nimwambie nini?

Mama, mwache ajenge, ila mwambie haya, na mwambie nimesema mimi.

Boti ya mbao ikijaa maji haizami yenyewe, lakini injini huivuta. Injini ya farasi 15 ina karibu kilo 40. Dumu la lita 20 lililofungwa vizuri huinua karibu kilo 20 likiwa chini ya maji. Basi aweke madumu matatu nyuma karibu na injini na mengine mbele, yote yafungwe kwa kamba imara chini ya viti, pembeni na juu, yasikae sakafuni katikati. Yakikaa chini, boti iliyojaa maji hupinduka. Yakikaa juu pembeni, inabaki wima na watu wanaishikilia.

Kamba ya kuzimia injini aifunge kwenye mkono kabla hajawasha. Mtu akianguka, injini ikiachwa bila mkono hujipinda, boti huzunguka na kumrudia yeye mwenyewe na propela. Petroli aijaze akiwa nchi kavu, maana mvuke wake ni mzito kuliko hewa na hukaa chini ya sakafu kusubiri cheche. Majaketi ya kuokolea yavaliwe. Yakikaliwa kama mito hayamwokoi mtu.

Na upepo. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi kutoka kusini hadi kaskazini. Kiangazi, upepo wa kusini unapovuma, mawimbi yana njia ndefu ya kukua kabla hayajafika kwetu. Ndani ya ghuba ya Kigoma unaweza usijue kitu, kisha ukipita mdomo wa ghuba unakutana nayo. Boti ya futi 14 siku hizo ibaki ndani ya ghuba.

Babu anasema zamani boti mbili za mbao ziliteka meli ya Wajerumani hapa ziwani. Ni kweli? – Mwanafunzi, Ujiji

Ni kweli, mjukuu. Mwaka 1915 Waingereza walizileta boti mbili za injini za futi 40, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa reli, kwa mashine za mvuke na kwa kukokotwa na ng'ombe, hadi upande wa Kongo. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli ya Kijerumani Kingani. Injini zao zilikuwa ndani, hazikupachikwa nyuma. Meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, wenyewe waliizamisha Julai 1916. Iliopolewa 1924, na tangu 1927 ikaitwa Liemba.

Nataka kuitumia boti bwawani Igombe miezi michache tu, kisha ikae nyumbani Tabora mjini. Itapasuka? Na usajili?

Ya mbao za kupanga na kukalafati, yaani kuziba nyufa, kwa pamba itafunguka maungio kwenye kiangazi cha Tabora. Kila mara ukitaka kuitumia itabidi uizamishe siku kadhaa ivimbe na kujifunga. Ya plaiwudi haina shida hiyo, na ndiyo ninayokushauri. Igeuze kifudifudi juu ya magogo, chini ya paa na siyo chini ya turubai lililobana, ili hewa ipite. Kizibo cha kutolea maji kiache wazi.

Kuhusu usajili, chombo cha kutembelea kinakaguliwa na TASAC, shirika la uwakala wa meli. Ukikusudia kuvua, muone kwanza afisa uvuvi wa halmashauri yako. Nenda na vipimo vya boti, risiti ya injini na hati ya mbao, na uende kabla hujapaka rangi, ili mkaguzi aone maungio.