Maswali yenu kuhusu Ténéré 700

Tangu niitaje hii pikipiki ya Yamaha maswali hayajakoma, haya leo najibu.

Kaka mimi nimezoea Boxer, hizi silinda mbili zina faida gani au ni kelele tu?

Faida ipo tena kubwa. Injini ni cc 689, nguvu kama farasi 73, lakini acha namba kwanza sikiliza inavyopiga. Krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imepangwa kwa digrii 270, pistoni zinapiga mbili karibu karibu halafu kunakuwa na kimya kidogo, na kwenye kile kimya tairi la nyuma ndio linapata nafasi ya kushika udongo tena. Mimi mvua ilinikuta Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, natoka Kotido naenda Kaabong, mnaujua ule udongo mweusi, tope likajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu la mbele likagoma kuzunguka, nikashuka nikachokoa na kijiti, nikapanda, gia ya pili, nafungua mafuta kidogo kidogo na ikatoka yenyewe. Siku ile niliipenda kabisa.

Mimi mfupi, nitaiweza?

Dada sitakuficha, kiti kiko sentimita 87.5 toka chini na ikijaa mafuta ina kilo 200 na kitu. Kusimama kwa mguu mmoja unajifunza, ila kabla hujalipa ilaze kwenye majani uone kama unaweza kuinyanyua peke yako, uipe mgongo usukume kwa miguu, usivute kwa mikono utaumia kiuno. Ukishindwa tafuta nyepesi, Karamoja unaweza kukaa saa nzima hujaona mtu wa kukusaidia.

Tangi moja Moroto mpaka mbuga ya Kidepo na kurudi?

Kwenda sawa, kurudi hapana. Ni lita 16 tu, jaza tena Kaabong.

ABS, ule mfumo wa breki unaozuia tairi lisijifunge, kwenye barabara za maramu niiache?

Izime ukiwa umesimama, na kumbuka ukizima ufunguo inarudi, kwa hiyo kila ukishuka kunywa chai unaanza upya.

Pancha je, mafundi wetu wanaweza?

Wanaweza vizuri sana mzee, rimu ni za spoku na ndani kuna tyubu, fundi wa boda yeyote anabandika kiraka. Shida ni tyubu yenyewe, mbele ni inchi 21 nyuma 18, kwenye duka la spea za boda huzikuti. Ukiwa na nafasi ya moja tu beba ya 21, ukikwama unaikunja kidogo inaingia hata nyuma, utafika mjini polepole.