Andika Palipokukwamisha Kabla Hujasahau

Vijana wanaosoma kompyuta hapa Tanga huniuliza, "Kaka, nianzie wapi kuchangia programu huria, zile ambazo msimbo wake, yaani maandishi yanayoziunda, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha?" Wengi huwa wameshajijibu: wakiiva kwanza kwenye lugha ya programu ya Python, wakimaliza kozi, labda mwakani. Mimi nasema anza sasa, hujui hivyo hivyo. Iko kazi ambayo wajuzi wa mradi hawaiwezi tena, nayo ni kuuona mradi kwa macho ya mgeni.

Aliyeandika maelekezo ya usakinishaji ana kila kitu tayari kwenye mashine yake. Hana habari kwamba hatua ya tatu inadai maktaba (kifurushi cha msimbo ambacho programu hukitegemea) ambayo hakuitaja popote. Wewe utajua, maana utakwama hapo hapo. Ukikwama usifute ukahamia mradi mwingine. Andika amri uliyotoa, ujumbe wa kosa herufi kwa herufi, na toleo la mfumo wako. Ukishapata njia, iongeze ile sentensi iliyokosekana kwenye maelekezo, kisha uwatumie wenye mradi. Huo ni mchango kamili, wala si cha mtoto. Na ufanye upesi, kwani ukizoea hutaliona tena shimo ulilotumbukia.

Chagua programu unayoitumia mwenyewe: VLC, LibreOffice, chochote. Huna laptopu? Simu ya Android inatosha. Weka programu ya StreetComplete, tembea Ngamiani kwenye zile barabara za namba, nayo itakuuliza maswali mepesi: barabara hii ina lami, duka hili bado lipo? Majibu yako yanaingia moja kwa moja kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea. Ila usinakili majina kutoka Google Maps, leseni hairuhusu. Tazama kibao au muulize mwenye duka.

Neno kuhusu bando. Ukivuta mradi mkubwa kwa `git clone`, amri ya Git, chombo cha kutunza mabadiliko ya msimbo, na mtandao ukakatika katikati, Git haiendelei ilipoishia. Unaanza upya, na megabaiti zimeshakwenda. Tumia `git clone --depth 1`. Utapata hali ya sasa ya mradi bila historia yake yote, na kwa kurekebisha maelekezo au kosa dogo hiyo inatosha kabisa.

Sasa nije kwenye linalowafukuza watu wengi kuliko msimbo wenyewe: mazungumzo. Sisi watu wa mwambao hatuombi hata chumvi kabla ya kujuliana hali. Kwenye miradi hii mtunza mradi anasoma hoja yako, yaani tatizo au pendekezo uliloandika kwenye ukurasa wa mradi, usiku baada ya kazi yake ya mchana, mara nyingi bila malipo yoyote, na anataka mambo manne tu: ulifanya nini, ulitarajia nini, ukaona nini, kwa toleo lipi. Usimwandikie "Samahani wakuu, naomba kuuliza" halafu ukanyamaza ukingoja ruhusa. Uliza. Naye akikujibu "ondoa mstari huu, badilisha jina lile" bila hata ahsante, hajakutukana. Kazi mbovu kweli hufungwa tu. Anayekuandikia marekebisho sita ametenga muda wake kwa ajili yako. Rekebisha, jibu kila hoja, na usipokubaliana toa sababu. Kiingereza kikikusumbua, andika sentensi fupi. Watunza miradi wengi nao walijifunza Kiingereza darasani kama wewe.

Wakikaa kimya, ngoja wiki moja au mbili, kisha uulize kwa upole kwa mstari mmoja. Kumbuka pia saa: Tanga kukipambazuka, mtu wa California bado yuko kwenye jioni ya jana.

Hoja zenye alama ya "good first issue" zimewekwa kwa ajili ya wageni, lakini soma mjadala wote uone kama kuna mtu ameshaishika. Na msimbo uliotungiwa na akili mnemba nawe huuelewi, usiutume. Wakikuuliza kwa nini umeandika hivyo utajibu nini?

Jambo moja naliona aibu kubwa. Mwaka 2020 Hacktoberfest, kampeni ya kampuni ya DigitalOcean ya kuhamasisha michango kwenye programu huria, ilikuwa ikitoa fulana kwa waliotuma maombi manne ya mabadiliko (pull request). Watu wakamiminika kubadilisha neno moja hapa, kuongeza alama ya mshangao pale, mpaka watunza miradi wakazidiwa, na kanuni ikabadilishwa mwezi ule ule ili ihesabiwe miradi iliyoridhia tu. Wanatanga tunatania kwamba hapa waja leo waondoka leo, na anayeambiwa hivyo mara nyingi ndiye anayeishia kuoa hapa hapa, mtaa wa Chumbageni, na kubaki. Miradi inamtaka huyo. Kwa hiyo usitawanye michango midogo kwenye miradi ishirini. Kaa kwenye mmoja mpaka wakuzoee.

Kukaa huko kuna faida ya mfukoni pia. Google Summer of Code, mpango wa Google unaowalipa wachangiaji wapya wa programu huria, ulioanza 2005, ulikuwa wa wanafunzi peke yao. Tangu 2022 unapokea na wasio wanafunzi walio wapya kwenye programu huria. Outreachy, mpango mwingine wa mafunzo ya kazi yenye malipo, nao humtaka mwombaji achangie kwenye mradi kabla ya uchaguzi kufanyika. Atakayekuwa ameanza na ile sentensi moja ya maelekezo atakuwa ameshajua kutuma mabadiliko, kukaguliwa na kujibu, wakati wenzake ndio kwanza wanasakinisha Git.