Soda ya saa saba mchana

SWALI: Bibi, shikamoo. Nina duka la vyakula na soda Tandahimba, huu mwaka wa tisa. Kijana wangu amerudi kutoka chuo Dar es Salaam na ameniletea mambo. Anasema bei moja mwaka mzima ni ushamba. Anataka soda ya baridi ipande shilingi 200 kuanzia saa sita hadi saa tisa mchana, na hela za korosho zikiingia kwenye akaunti za watu, mchele, mafuta na sabuni navyo tuvipandishe kwa wiki tatu. Eti mbona magari ya kuita kwa simu yanapanda bei mvua ikinyesha, na watu wanalipa? Baba yake anamuunga mkono. Mimi moyo unasita ila sina hoja. Nimsikilize?
Mama wa duka, Tandahimba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kijana hajakosea kote. Kabla ya duka niliuza samaki Feri hapa Mtwara, na pale saa ndiyo inayopanga bei. Jua likipanda na barafu imekwisha, fungu la shilingi 5,000 unaliachia kwa 3,000. Mteja anamtazama samaki jicho, anabonyeza nyama, anajua kwa nini bei imeshuka. Na asubuhi ukimbania, meza ya pili iko hatua tatu.

Soda yake si jambo jipya. Mwaka 1999 mkuu wa Coca-Cola, Douglas Ivester, aliliambia jarida moja la Brazil kwamba mashine ya kuuzia soda inaweza kupandisha bei joto likizidi. Watu walichachamaa. Wewe kama friji inakula umeme, soda ya baridi iizidi ya moto kutwa nzima, uandike ubaoni. Kiu ya mtoto anayetoka shule si gharama yako.

Kwenye korosho ndipo panapouma. Wateja wako wanaijua bei ya wakati kuliko chuo chochote. Miezi ya njaa, mikorosho ingali maua, mtu wa kangomba, yule mnunuzi wa magendo, huja kuwanunulia mapema kwa bei ya kuliza. Mnadani nako bei hupanda na kushuka, lakini pale wakulima wakiona wanalaliwa huikataa, mzigo ukasubiri mnada mwingine. Dukani kwako nani atakataa bei ya mafuta saa moja usiku, na sufuria iko jikoni? Tena ni walewale walio kwenye daftari lako la madeni tangu Machi. Ukiwapandishia wiki ya malipo hawatagomba. Watalipa, watakusalimia vizuri, halafu utawaona wanapita na mfuko wa duka jingine.

Habari ya magari ya mvua, bei ikipanda dereva aliyelala anaamka, na abiria anapata gari. Sabuni yako ikipanda, nani anaamka?

Lakini nisijifanye mtakatifu. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, malori yakakwama. Nilikuwa na sukari, nikaapa sipandishi. Siku hiyohiyo mwanamume mmoja akabeba mifuko minne, kesho yake nikaiona inapimwa mtaa wa pili kwa bei yake yeye. Huruma yangu ilimnenepesha yule bwana, majirani zangu wakalipa. Siku hizi mzigo ukiwa haba, bei haiguswi, ila kila mmoja kilo mbili, basi. Na mzigo mpya ukija ghali kutoka jumla, napandisha bila aibu, risiti iko chini ya kaunta kwa anayeuliza.

Kwa hiyo mpe kijana kazi ya kushusha. Mkate wa jana, nyanya zilizoanza kulegea, maziwa ya jioni, hivyo avipangie bei kwa saa apendavyo, utaona faida yake. Oktoba ikifika, kabla hajagusa mchele, akae na lile daftari la madeni akusomee majina yote kwa sauti, baba yake naye akiwa hapo anasikiliza.

Sabuni aiache. Sabuni haiozi.